Vigawanyo vya Namba ya Mita

Mwalimu alistaafishwa mapema kwa sababu ya kukosea hesabu ubaoni mara mbili ndani ya wiki moja. Hakumlaumu mtu, ila jambo hilo lilimkaa rohoni. Ndipo akaichukua namba iliyoandikwa kwenye mita ya umeme mlangoni kwake, 50,792,099, akaapa kuthibitisha kuwa ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Simu ingemjibu kufumba na kufumbua, lakini jibu la simu lingemsaidia nini? Kila asubuhi aliigawa kwa namba tasa moja, kwa penseli, akaandika baki. Baada ya miaka miwili na nusu alifika 7,121, na zaidi ya hapo hapakuwa na haja ya kujaribu, kwa kuwa namba tasa inayofuata, ikizidishwa kwa yenyewe, inaipita namba ya mita. Hakuna hata moja iliyoigawa bila baki. Akawaalika walimu wenzake wa zamani waje Jumamosi awaonyeshe, kisha akamkabidhi mkewe madaftari ayakague.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mshono huukagua kuanzia mwisho. Basi akaanza na daftari la mwisho, akarudi nyuma. Mwalimu akamtania kwamba kwa mwendo huo atafika siku aliyozaliwa.

Ijumaa jioni, katika ukurasa wa pili wa daftari la kwanza, akafika kwenye 83. Themanini na tatu mara tisa ni 747. Mumewe alikuwa ameandika 737, na mwishoni akapata baki nne. Mama wa watu akaigawa upya mara tatu. Baki hakuna. Jibu ni 611,953 kamili.

Wageni wasingepekua ukurasa huo, na yeye angeweza kufunga mdomo. Lakini alimpenda mno kumwacha asimame mbele za watu na uongo asioujua. Akamaliza kukagua hesabu chache zilizobaki, akampelekea daftari.

"Mwalimu, hapa umeteleza."

Uso ulimsawajika. Akauliza kama yapo makosa mengine. Akaambiwa hakuna, kwingine kote ni sawa. Mkewe akajuta kufungua kinywa. Kisha Mwalimu akaweka kidole juu ya 611,953.

"Huyu angekuwa na kigawanyo, kigawanyo hicho kingeigawa na namba ya mita vilevile. Na vyote nimeshavijaribu, vimekataa; 83 yenyewe inamwachia huyu baki 77."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tasa ni huyu, mke wangu. Miaka yote hii nilikuwa namthibitisha yeye bila kujua."

Mkewe akacheka huku machozi yakimlengalenga kwa furaha, maana hayo hayakuwa maneno ya kichwa kilichochoka. Akamwuliza kesho atawaambia nini wale wenzake.

"Nitaanza na kosa," akasema Mwalimu, akichonga penseli. "Nikilificha, hawataelewa kilichobaki."