Hatua Moja Nje ya Duara

Kwa miaka hamsini na saba Hester Kingston hakuonja chai ya klabu. Aliipika, akaimimina, akakata mikate ya mayai pembe tatu na kuipanga kwenye sinia, lakini ndani ya ukumbi ule hata tonge moja halikupita kooni mwake. Watu wa Kilcarragh, mji wao huko Ireland, walisema ni unyenyekevu. Watu wa Kilcarragh ni wepesi wa kusifu wasichokijua.

Jumamosi ile klabu ya wanawake ya mpira wa magongo ilikuwa inatimiza miaka mia. Mia nzima! Ilianzishwa na wasichana kumi na mmoja wa kiwanda cha siagi, kwenye malisho ambayo ilibidi kwanza wafukuze ng'ombe ndipo wapige mpira. Imetoa wachezaji watatu wa timu ya taifa, imewatoa jasho wakubwa wa Dublin, na imeshuka daraja mara nyingi kuliko inavyopenda kukumbushwa. Lakini kombe, kombe la kushika mkononi, ni moja tu: Kombe la Kusini, mwaka 1967. Limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao juu ya mlango, mstari mmoja peke yake, na chini yake imeachwa nafasi kubwa kwa makombe mengine, ambayo mpaka leo hayajafika.

Bao la ushindi lilikuwa la nahodha Rosaleen Twomey, Mungu amrehemu. Uwanja una jina lake. Mwamuzi aliyelikubali bao hilo alikuwa Hester.

Siku ile waamuzi waliopangwa walikwama kwenye mafuriko, ikakubaliwa kila klabu itoe wake. Hester, wakati huo ana miaka ishirini na sita, alikuwa nyuma ya mchezo, miwani imejaa mvua. Rosaleen akapiga. Mpira ukaingia, kipa wa wapinzani wao, Dunmahon, hakuinua hata mguu, na uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Hester akapuliza filimbi na kuonyesha katikati ya uwanja: bao. Dakika moja baadaye akapita pale Rosaleen alipopigia, akaliona shimo ambalo gongo lilichimba kwenye tope. Lilikuwa hatua nzima nje ya duara. Na kila mtoto anayeshika gongo anajua kwamba mpira uliopigwa kutoka nje ya duara la goli si bao, isipokuwa mwenzake auguse ndani. Ndiyo maana yule kipa hakujisumbua, Hester akawaza. Angeweza kupuliza tena na kulifuta. Akawatazama wenzake wanavyokumbatiana huku wakilia, akanyamaza.

Sasa alikuwa jikoni, anakatakata vitunguu, Orlaith akaingia na karatasi mkononi. Orlaith ndiye katibu wa klabu, na ndiye aliyeandika kitabu cha miaka mia.

"Bi Hester, acha hivyo vitunguu uone! Ukurasa wa arobaini na tatu. Jumatatu asubuhi kinakwenda kwa mchapaji, na nikikosea jina la mtu humu nitazikwa nalo."

"Nisomee. Mikono yangu ina maji ya vitunguu."

"'Rosaleen Twomey alifyatua kombora kutoka ukingoni mwa duara, na mwamuzi, bila kusita...' Mbona umekaa? Unaumwa?"

"Bila kusita," Hester akasema. "Umeandika bila kusita."

"Kwani sivyo ilivyokuwa?"

Hester akaweka kisu chini. Akinyamaza tena, uongo wake utachapwa na kuwekwa katika kila nyumba ya mji. Akisema, klabu itabaki na miaka mia na kombe sifuri, tena siku ya sherehe yake. Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Nafasi nyingine hapati, na alilijua hilo vizuri.

"Watu wa Dunmahon wamefika?"

"Wamefika. Yule kipa wao wa zamani yuko pale dirishani, analalamika kwamba viti vyetu ni vigumu."

"Basi nitaanza na yeye," Hester akasema, akavua aproni.

Ita Scannell alikuwa amenyoosha miguu yake iliyovimba, fimbo imelala mapajani. Alipomwona Hester akainua nyusi.

"He! Refa! Mimi nilidhani umeshakufa."

"Bado. Ita, nina neno nawe, na sitaki kulizungusha."

"Lizungushe tu kidogo, sina pa kwenda."

"Lile bao la sitini na saba halikuwa bao. Rosaleen alipiga kutoka nje. Shimo nililiona kwa macho yangu, nikanyamaza. Niliwaibia kombe lenu. Nakuomba msamaha, na baada ya chai nitasimama niwaambie wote."

Ita akamkodolea macho. Hester alisubiri kutukanwa. Kusema kweli alikuwa na hamu ya kutukanwa.

"Alipiga kutoka nje, ndiyo," Ita akasema polepole. "Hilo najua. Si nilikuwa natazama? Ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

"Ndiyo maana hukusogea."

"Ndiyo maana sikusogea! Tulifundishwa hivyo: wa kutoka nje uache upite. Nikauacha. Wala haukuwa unalenga goli, ulikuwa unakwenda zake huko kulia. Halafu kile kisichana chenu cha pembeni, kimbaumbau, meno mbele..."

"Mena Cotter?"

"Huyohuyo! Kikachomoza sijui kutoka wapi, kikatia gongo, tik! Ndani ya duara, mbele ya pua yangu. Mpira ukageuka, ukanipita katikati ya miguu, nami nimesimama kama mlingoti."

Hester akashika ukingo wa meza. "Aliugusa? Una hakika?"

"We mwanamke, unadhani mpira hugeuka wenyewe? Miaka hamsini na saba namwota yule mtoto. Wewe sijakuota hata mara moja."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba niliuacha mpira makusudi ukanifunga? Kocha nilimwambia nimeteleza. Mpaka leo wajukuu zangu wanajua bibi yao aliteleza. Na nyie wote mlikuwa mmemrukia Rosaleen."

Na Mena, msichana wa miaka kumi na saba katika mechi yake ya kwanza, angemwambiaje Rosaleen Twomey kwamba bao si lake? Rosaleen alikuwa mtu mwema, lakini hakuna aliyewahi kumsahihisha akabaki kwenye timu.

Kicheko kikamtoka Hester, kikafuatwa na machozi, halafu vyote kwa pamoja, mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Kombe lilikuwa lao. Muda wote huo lilikuwa lao kihalali, na yeye amelibeba kama mali ya wizi! Mabega yakamlegea, pumzi ikashuka mpaka chini kabisa.

"Orlaith!" akaita. "Lete ule ukurasa na kalamu."

Orlaith alipoelezwa akashika kichwa. "Lakini uwanja, Bi Hester! Uwanja una jina la Rosaleen!"

"Rosaleen alituchezea miaka kumi na minane na magoti mabovu. Uwanja abaki nao. Bao andika la Mena. Yuko Leicester, Uingereza, kila Krismasi hututumia kadi. Mpigie leo hii. Na hapa futa 'bila kusita'. Andika kwamba mwamuzi hakuona."

"Jamani, si umesema bao lilikuwa halali?"

"Halali, ndiyo. Lakini sikuliona. Niliona shimo, nikafunga mdomo. Viandike vyote."

Orlaith akaandika. Ita akaitazama kalamu inavyokwenda, akakohoa.

"Na mimi huko umesemaje?"

"Kwamba uliteleza," Orlaith akasema.

"Futa. Andika kipa aliuacha." Ita akapumua kwa nguvu. "Nimechoka kuteleza."

Kisha akaisukuma sahani ya mikate ya mayai hadi upande wa pili wa meza. "Kaa chini, refa. Unanizibia mwanga."

Hester akakaa.

"Bi Hester, nikuletee chai?" Orlaith akauliza kwa wasiwasi. "Maana sijawahi kukuona ukinywa hapa."

"Leta," Hester akasema, mdomo tayari umejaa. "Iwe kali, vijiko vitatu vya sukari. Na keki."