Jina Langu Kwenye Mtutu

Ganda la kwanza la risasi lilipasuka shingoni, ufa mwembamba kama unywele. Verlyn Tveit, fundi bunduki wetu pale Lewistown, aliligeuza vidoleni, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Lowell, mchoro wako una kasoro. Bega, hapa chini ya shingo, umelirudisha nyuma mno."

"Shaba umeipasha moto vibaya wewe, mzee. Hesabu nafundisha mimi."

Akacheka. "Haya, mwalimu. Tujaribu tena."

Ilikuwa Machi 1971. Risasi ile niliibuni mwenyewe, na kwa kuwa haikuuzwa duka lolote, kila ganda lilitokana na ganda la risasi nyingine, lililobanwa ndani ya kalibu hadi likapata umbo jipya. Kwetu Montana anayebuni risasi huipa jina lake. Verlyn alikwisha kuchonga langu kwenye mtutu wa bunduki yangu kabla hatujafyatua hata moja: Haugen, herufi safi kabisa. Halafu akabana maganda mia mbili, moja moja, kwa mkono.

Wiki moja kabla ya mashindano ya Mei ya klabu yetu ya kulenga shabaha nilirudia hesabu zangu, nikaona nilipokosea. Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba labda maganda yatastahimili.

Hayakustahimili. Kati ya kumi ya kwanza, sita yalipasuka, klabu nzima ikitazama. Orrin Stubbs, mfugaji aliyekuwa mteja mkubwa wa Verlyn, aliokota moja.

"Takataka gani hii? Kazi ya nani?"

Verlyn alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Yake," nikasema. "Mchoro hauna tatizo."

Verlyn aliweka kikombe chini, akainama, akaanza kuokota maganda kwenye nyasi na kuyatia ndani ya kofia yake. Mgongo ulikuwa ukimsumbua, nami nilijua. Nilisimama tu.

Orrin alipeleka bunduki zake kwingine, wenzake wakamfuata. Kufikia vuli Verlyn alifunga karakana, akaenda kubeba magunia kwenye ghala la ngano. Tulipokutana posta, yeye ndiye aliyetangulia kunisalimu, miaka yote ile. Mimi nilijifanya nasoma barua.

Majira ya baridi yaliyopita mjane wake, Ardis, alinipigia simu. Nilimkuta jikoni na kopo la tumbaku.

"Verlyn alisema uje mwenyewe, ulichukue. Kaa, unywe kahawa."

Ndani ya kopo mlikuwa na maganda arobaini, yote yameshafyatuliwa, hakuna hata moja lenye ufa. Bega lilikuwa limesogezwa mbele kidogo, mahali palepale hesabu yangu ya pili ilipoliweka. Juu ya kifuniko Verlyn alikuwa amebandika karatasi, kwa mwandiko wake: Haugen.

Uso ulinichoma kwa aibu, mzee mzima.

Ardis hajui lolote la bunduki. Alinisukumia kikombe, akauliza, "Kazi nzuri?"

"Nzuri sana," nikasema, na hapakuwa na mtu mwingine wa kunisikia.