Jike la Makhluf

Miaka miwili Zubir kinyozi alimnyoa Makhluf, na miaka miwili wembe ulipita kooni pake bila kuteleza. Watu wa mtaa ule wa Blida wakasema, huo ndio uungwana. Kumbe alimtaka mzima.

Makhluf alikuwa muuza ndege. Ndiye aliyemuuzia Zubir maknini, yule chiriku mwenye uso mwekundu na mstari wa njano bawani, akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba ni dume. Dume ndiye mwimbaji, na hutambulika kwa wekundu unaovuka nyuma ya jicho; wa jike huishia mbele yake. Wa huyu ulivuka. Ijumaa iliyofuata, kwenye mkahawa wa ami Layashi, ambako wanaume hutundika vizimba asubuhi na kusikiliza, Zubir akamwekea ndege wake kisahani cha maji. Ndege akaoga. Maji yakageuka mekundu.

Aliyecheka wa kwanza ni Makhluf mwenyewe. "Hongera, fundi, umeoa. Bibi harusi hina yake hiyo inatoka."

Mpaka siku ile Zubir ndiye aliyekalia kiti cha msikilizaji, anayeamua ndege wa nani ameimba. Kiti kikahamia kwa Makhluf. Fisi akakabidhiwa bucha.

Zubir hakumtupa yule jike. Alimtundika uani nyuma ya duka, kando ya mlimau, akamfunika kitambaa cheupe kama wafunikwavyo ndege wote wenye heshima zao. Majira ya machipuko ya mwaka wa pili jike akawa anaita, sauti nyembamba tu, na asubuhi moja akajibiwa. Wimbo ulimwagika kutoka juu ya mlimau hadi Zubir akamsahau mteja na povu lake. Asubuhi tatu alipanda ngazi kumtafuta mwimbaji ndani ya majani. Ya tatu akamwona: njano bawani, wekundu umevuka jicho, na hapana rangi ya mtu. Dume wa porini, kaja kuposa.

Ijumaa akawaalika wote uani. Mlimau ukanyamaza. Kahawa ikanyweka, watu wakaanza kutazamana, na Zubir akahisi aibu ya pili ikimpanda miguuni. Ndipo jike akaita chini ya kitambaa, na wimbo ukashuka.

Kila jicho likaenda kwenye kizimba. Maknini aliyefunikwa hatazamwi. Husikilizwa, tena macho yakifumbwa. Makhluf akayafumba.

"Unamjua ndege huyu?" Zubir akauliza. "Maana wapo wasemao masikio yako yamezeeka."

"Yamezeeka ya baba zao. Huyu dume wa milima ya Jijel, wa mwaka wa pili. Na kama si dume, masharubu haya ninyoe wewe, hapa hapa."

Zubir akafunua kitambaa. Wekundu uliishia mbele ya jicho, na mguuni ilikuwamo pete ya kijani ambayo Makhluf huwavisha ndege wake wote. Wimbo uliendelea, ukitoka mlimauni.

"Umenidanganya," Makhluf alisema.

"Mimi? Mimi nimeuliza tu. Jike wako huyo, ulimpaka kwa mkono wako, na leo humjui."

Ami Layashi alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akamkumbusha Makhluf kwamba ametamka mbele ya watu kumi na tisa, na akamletea kiti.

Zubir alinoa wembe bila haraka. Alipaka povu bila haraka. Sharubu la kulia likaenda lote, safi kama kiganja. Hapo adhana ikaanza. Akafuta wembe, akaukunja.

"Na hili jingine?" Makhluf akauliza.

"Ijumaa tunafunga, ndugu yangu. Vinyozi wote. Rudi kesho."

Makhluf alikwenda msikitini kaziba mdomo kwa kiganja. Lakini kiganja lazima kishuke mtu anaposujudu, na safu ile haikusali kwa utulivu.

Waliporudi mkahawani, kiti cha msikilizaji kilikuwa kimeshapanguswa vumbi. Zubir akakikalia, akafumba macho.