Ubatizo wa Kijito cha Sorrel

Vijana siku hizi wananijia na taa zao, wanataka niwaonyeshe handaki la kuwatoroshea watumwa. Handaki gani? Wanagonga sakafu ya kanisa kama wanaotafuta panya. Nawaambia, jamani, njia yetu ilikuwa mchana kweupe, tena kwa nyimbo. Hawaniamini. Shauri yao.

Njia yenyewe ilikuwa kijito cha Sorrel. Kusini kwetu kulikuwa na mto Ohio, na ng'ambo ya mto huo ni Kentucky, kwenye utumwa. Sisi tulikuwa watu weusi huru, lakini wawindaji wa watumwa walikaa kwenye daraja la kijito wakimkagua kila mweusi aendaye kaskazini. Ubatizo tu hawakuuingilia. Walikuja kuutazama na kucheka, nasi tukautumia kuwavusha watoro. Wabatizwa waliingia majini upande huu, wamevaa majoho meupe na vilemba, wakatokea upande wa pili, wakafunikwa blanketi gubigubi na kupandishwa kwenye gari la farasi la Shangazi Zilpa. Kwa desturi yetu aliyebatizwa hafunuliwi uso mpaka aombewe. Ee, nayakumbuka maji yale! Baridi ya kung'oa meno, lakini sijapata tena furaha kama ile. Sasa kijito kimekauka nusu, na walioimba nami wote wako makaburini. Nawalilia mpaka leo.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, wa mwisho kwenye mstari alikuwa Lavinia. Alikuwa ametoroka Kentucky, tukamficha ghalani. Shavuni alikuwa na kovu la chuma cha moto, na wawindaji wawili waliokuwa darajani wakitafuna tumbaku walikuwa wakilitafuta kovu hilo hilo.

Shangazi alimwonya mapema. "Sikiliza, binti. Ukiibuka majini, inamisha kichwa, fyata ulimi. Ukifika kwenye blanketi, umepona."

"Nimesikia, mama."

"Kusikia wanasikia wote. Kazi ni kutii."

Mchungaji Pettiford akamzamisha. Lavinia akaibuka, na badala ya kuinama akauelekeza uso mbinguni, akapiga ukelele. Haukuwa na maneno, ilikuwa sauti tupu, imetoka tumboni. Kilemba chake kikachukuliwa na maji, kovu likawa wazi. Kule darajani mwindaji mmoja akasimama, akatema tumbaku, akaanza kushuka.

Shangazi, aliyekuwa kando yangu ng'ambo na blanketi mkononi, akanong'ona, "Ametumaliza huyu." Kisha akanitupia blanketi, akaingia majini na viatu vyake vya Jumapili, akipiga kelele kumshinda Lavinia. Kanisa zima likamfuata. Mashemasi, vikongwe, akina mama wenye mimba, wote wakajitosa wakipiga makofi, vilemba vikavuliwa, watu wakakumbatiana, kila uso umelowa.

Mwindaji akafika ukingoni, akaangaza macho huku na huku. "We, ni yupi?" akamuuliza mwenzake.

"Nitajuaje? Wamepagawa wote hao. Ingia wewe umtafute."

"Na baridi hii? Mimi si mwehu."

Wakabaki wanabishana. Shangazi akamleta Lavinia kwapani mwake, nikamfunika, tukaondoka.

Tulipoingia msituni, Shangazi akamgeukia. "Nilikwambia nini? Ungetuuza kanisa zima! Kelele zile zilikuwa za nini?"

Lavinia akatoa uso nje ya blanketi. "Nisamehe, mama. Kule kwetu tukisali tunaingiza vichwa ndani ya chungu, sauti ibaki humo, bwana aliyetumiliki asisikie. Nilidhani nitaweza kunyamaza. Lakini nimezaliwa, nimekua, nimezaa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeisikia sauti yangu."

Shangazi alinipa hatamu niendeshe mimi, akarudi nyuma kukaa naye. Baada ya kitambo nikamsikia akisema, "Basi piga tena, mwanangu. Huku hakuna mtu."