Rada ya Sebuleni

“Ng'oa hiyo antena yako, inaniumiza kichwa!” mama jirani alimfokea fundi wa rada.

“Dada, hii inasikiliza tu. Imenasa rada hafifu iliyozama kwenye kelele za mawimbi mengine. Kompyuta imejumlisha mapigo yake elfu moja ndipo ikaonekana, na inatoka sebuleni kwako.”

“Kwangu? Acha utani!”

Waliingia. Antena iliwapeleka hadi kwenye taa mpya aliyoifunga mumewe. Fundi akaifungua, akatoa kidude cha rada kinachohesabu watu kwa pumzi zao na kutuma taarifa kwenye simu.

Mama alishika mdomo. “Kumbe ndiyo maana mume wangu ananitajia idadi ya wageni wangu hata akiwa hayupo!”

Mume akaingia, akakiona kidude, akaganda mlangoni.

“Fundi, karibu tule,” mama alisema. “Na wewe mume wangu, kaa hapa chini ya taa, utueleze.”