Muulizeni Mjomba

Kila ofisi ya uchoraji ina mila zake, na mila za ofisi hii zilihifadhiwa mahali pamoja tu: kichwani mwa Mjomba. Unene wa mstari wa mlango, rangi ya bomba la maji machafu, ukubwa wa maandishi kwenye mchoro wa paa, vyote vilikuwa humo. Mchoraji akikwama hakufungua kitabu, maana kitabu hakikuwepo. Aliinua kichwa akaita, "Mjomba! Dirisha la choo tunaliwekaje?" Na Mjomba, bila kuacha kazi yake wala chai yake, alijibu. Mgeni akiwa na swali siku ya kwanza aliambiwa, "Muulize Mjomba," na mambo yakaisha.

Wote walimwita Mjomba, lakini mwenye mjomba hasa alikuwa mmoja, mwanamke wa meza ya karibu na printa, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Ofisi nzima ilimwita Mpwa. Mzee yule ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, akamfundisha kuchora kwenye meza ya kulia chakula, akamwingiza kazini. Mpwa alimpenda kwa namna ambayo haikumwachia nafasi ya kumchunguza.

Sasa bosi, mhandisi asiyerudi kutoka semina mikono mitupu, safari hii alirudi na hili: ofisi iwe na faili za msaada. Mchoraji akikwama abonyeze kitufe palepale kwenye kompyuta, kanuni ijitokeze. Kazi ya kuchagua programu ya kuzitengenezea akampa Mpwa.

"Wewe unamjua mzee kuliko sisi," alisema. "Mtoe yote kichwani kabla hajastaafu."

Fundi wa kompyuta, bwana mwenye maneno mengi kuliko nyaya zake, alileta njia mbili. Ya kwanza ilikuwa video: Mjomba akae mbele ya kamera, aeleze kanuni moja moja, vipande vikatwe na kuunganishwa na kitufe cha msaada. Ya pili ilikuwa kurasa za maandishi: kila kanuni na ukurasa wake na mchoro wake mdogo, ukiandika "mlango" zinakuja kurasa zote za milango. Ya kwanza ilikuwa ya haraka. Ya pili ilimtaka mtu akae aandike mpaka vidole viote sugu.

"Video, bwana!" bosi alisema. "Nani anapenda kusoma siku hizi?"

Mjomba naye aliipenda video hata kabla ya kuiona. Alikuja kazini amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, akasema hata nguo yake inafuata viwango vya ofisi. Watu walicheka, na Mpwa alicheka kuliko wote.

Wakajaribu kwa kanuni ya kuta. Jengo la zamani linapokarabatiwa, ukuta wa kubomolewa huchorwa kwa mstari wa vipande vipande. Ukuta unaobeba ghorofa ya juu, ambao hauguswi, huchorwa kwa mstari wa kipande na nukta. Ofisi nyingine zina alama zao. Hii ilikuwa ya hapa, na Mjomba mwenyewe ndiye aliyeianzisha.

Mbele ya kamera, kwa sauti ya mtu anayejiamini, Mjomba akaigeuza. Vipande vipande, alisema, ni ukuta unaobeba. Kipande na nukta, bomoa.

Mpwa alidhani ulimi umeteleza. Wakati wa chai alimuuliza tena kama anayetania, na Mjomba akajibu sawasawa, akamcheka kwa swali la kitoto. Walipokuwa wanafunga ofisi akamuuliza mara nyingine. Akageuza tena. Hapo ndipo Mpwa alipoanza kukumbuka mambo aliyokuwa akiyapita juu juu: mzee kutafuta miwani iliyo usoni, mzee kumwita mwanawe wa mwisho kwa jina la kaka yake marehemu. "Uzee huo," walisema nyumbani, wakacheka, wakaendelea kula.

Aliificha video ile kwenye folda yake mwenyewe, akaenda kwa bosi kutetea kurasa.

Alizitetea vizuri, na kila sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli. Video huwezi kuitafuta kwa neno. Kanuni ikibadilika, ukurasa unasahihishwa palepale, video inabidi irekodiwe upya. Mchoraji mwenye haraka hataki hadithi, anataka jibu. Sababu moja tu aliiacha moyoni: kwenye kurasa angeweza kurekebisha maneno ya Mjomba kimyakimya kabla hayajasomwa na mtu, na mzee angestaafu na heshima yake. Bosi alikuna kidevu, akakubali. Mpwa alitoka mle akijiona mwerevu sana.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na hawakuwa wanatania. Akili yote ya Mpwa ilikuwa kwenye kurasa zitakazokuja. Hakufikiria kwamba Mjomba bado anaitwa kila siku kutoka kila pembe ya chumba, na bado anajibu.

Wiki iliyofuata simu ilitoka kwenye saiti ya zahanati ya zamani iliyokuwa ikikarabatiwa kwa michoro ya ofisi. Wabomoaji walikuwa wameanza na ukuta wa kati, kama mchoro ulivyosema, na sakafu ya chumba cha juu ikapata ufa kutoka pembe hadi pembe. Msimamizi alikuwa ameshawatoa watu wote na kuweka nguzo za chuma. Hakuna aliyeumia, na hiyo ilikuwa bahati tu, wala si kazi ya mtu yeyote. Mchoro ulikuwa wa Mama Pacha, mchoraji aliyehamia hapo karibuni, na kuta zote za jengo lile alikuwa amezichora kinyume.

"Nilimuuliza Mjomba," Mama Pacha alisema mbele ya bosi. "Kule nilikotoka tulikuwa na alama nyingine, ndiyo maana nikauliza. Wiki iliyopita tu. Akaniambia vipande vipande ndio ukuta unaobeba."

Bosi akamtazama mzee. "Mjomba?"

"Mimi niseme hivyo?" Mjomba alishangaa, na mshangao wake haukuwa wa kuigiza. "Hiyo alama nimeiweka mwenyewe, mama. Nitaikosea vipi?"

"Penye wazee hapaharibiki neno," bosi akasema. "Huyu namjua, wewe nimekujua juzi. Usimsingizie mtu wa watu." Akamwambia akusanye vitu vyake aende. Mama Pacha hakulia. Aliuliza kama anaweza kumalizia mchoro wa ngazi aliokuwa ameubakiza kidogo tu, na bosi akasema hapana.

Mpwa alikuwa amesimama mlangoni, na kila neno lilimwingia. Ushahidi alikuwa nao, na mdomo haukufunguka. Aliona aibu, ile inayochoma mpaka masikio.

Alimvuta Mjomba kwenye chumba cha printa, akaifungua kompyuta yake. Alibakiwa na tumaini moja: mzee ajione, ashtuke, aende kwa bosi kwa miguu yake mwenyewe. Mjomba alivaa miwani, akajitazama mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

"Nimeeleza vizuri," alisema. "Hii mngeiacha, mwanangu. Kwa nini mliitupa?"

Mpwa alitamani aseme ni kweli, ameeleza vizuri, waende wakanywe chai.

"Mjomba, umegeuza."

"Nimegeuza nini?"

Akairudisha pale pa kuta, akaisimamisha, akairudisha tena. Aliuona uso wa mzee ukielewa taratibu. Mkono wake ulitafuta kiti, akakaa. Kisha hasira ikaja.

"Umelijua lini hili?"

"Siku ile ile tuliyorekodi."

"Ukanyamaza nalo."

"Nilikuwa nakusitiri, Mjomba."

"Ungeniambia, ningefunga mdomo wangu! Yule mama angemuuliza mtu mwingine." Alivua miwani. "Kunisitiri gani huku, kuniacha uchi katikati ya watu, mimi mwenyewe sijui? Nenda kaionyeshe. Lakini usije ukaniambia ulikuwa unanisaidia."

Mpwa alipiga moyo konde, akaenda. Bosi aliitazama video mara ya kwanza akitabasamu, ya pili hakutabasamu. "Zima," alisema. Akachomoa kifuniko cha kalamu, akakirudisha. "Mkimbilie yule mama kabla hajapata gari."

Mama Pacha alirudi na mfuko wake, akauweka chini ya meza bila kuufungua. Bosi alimwomba radhi kwa sauti ndogo, akitazama ukuta. Mpwa alimwomba yake pia, na Mama Pacha akamjibu, "Sawa, dada," kwa namna ambayo haikuwa sawa hata kidogo.

Mjomba alikuwa ameshakaa kwenye meza yake, mgongo umenyooka, penseli mkononi. Mpwa akafungua ukurasa wa kwanza wa faili za msaada, akaandika kichwa: Kuta. Chini yake hakuandika kitu.

Mchoraji mmoja wa upande wa dirishani, ambaye hakuwa na habari ya lolote, akainua kichwa kama siku zote. "Mjomba! Ngazi ya dharura rangi gani?"

Mjomba alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, Mpwa aliliona likimfika midomoni. Mzee akaufunga mdomo.

"Muulizeni Mpwa," alisema, bila kugeuka.

Kama alisema kwa hasira au kwa kumkabidhi, Mpwa hakuweza kujua, na mgongo ule haukumwambia. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Nyekundu," alijibu. Akasubiri kidogo, kwa mazoea, Mjomba amwambie kama amepatia.