Sanduku la Mlango wa Nyuma

Bweni la wasichana lilikuwa na ngazi mbili. Ya mbele kila mtu aliijua, maana ndiko kulikokuwa na kioo kikubwa, na hakuna msichana aliyekwenda darasani bila kusimama pale kujitazama. Ya nyuma ilikuwa ya dharura. Na kwa kuwa dharura haikuwahi kutokea tangu jengo lijengwe, wasichana waliigeuza stoo. Mlango wake ulizibwa na mabegi, ndoo zilizotoboka, godoro la mtu aliyekwisha kuhitimu zamani, na mbele ya vyote hivyo, sanduku la Mrembo.

Mrembo hakuwa mtu mbaya, isipokuwa alipenda vitu vyake. Sanduku lile alipewa na mama yake, ambaye alikwenda nalo kwa mumewe siku ya kuolewa. Lilikuwa gumu, lenye kona za chuma, zito hata likiwa tupu. Chini ya kitanda chake halikuingia kwa sababu palishajaa viatu.

Lakini mama hakumwachia sanduku tu. Mwaka ule mdogo wake, Kitinda, alipojiunga na chuo na kupangiwa chumba kimoja naye, mama aliuchukua mkono wa mkubwa akaubandika juu ya mkono wa mdogo. Akasema, "Huyu nimekuachia wewe. Akipatwa na jambo, mimi sitakwenda kumuuliza mkuu wa chuo."

Mrembo akacheka, akasema mama naye kwa wasiwasi, hapa ni chuoni, kuna jambo gani la kumpata mtu.

Wa tatu chumbani mwao alikuwa binti wa fundi cherehani, na jina lake bweni zima lilikuwa limelisahau. Walimwita Zimamoto. Alilala viatu vya raba vikiwa kichwani pa kitanda, midomo ya viatu ikitazama mlango. Filimbi na tochi ndogo vilining'inia kwenye msumari mmoja, na ole wako uvihamishe. Ndoo yake ya maji haikukaa tupu hata siku moja. Simu yake ilikuwa na chaji wakati za wenzake zimezimika. Chini ya kitanda chake hapakuwa na kitu, palifagiliwa kama sebule.

Kichekesho kikubwa kilikuwa pale alipojifunika taulo usoni na kutembea kwenye korido akipapasa ukuta, akigusa fremu za milango moja baada ya nyingine hadi ngazi ya nyuma. Wenzake walimwekea miguu ajikwae. Mmoja alimuuliza kama anajifunza kuiba. Zimamoto alicheka nao, kisha akarudi mwanzo wa korido akaanza upya.

Aliwalazimisha wenzake wawili wakariri namba za simu za mama zao, wakiziimba wakati wa kufua kama watoto wa chekechea. Akawaambia wakipotezana siku yoyote ya balaa, wakutane kwenye nguzo ya goli, uwanjani. Mrembo alimuuliza huko kwao wamezaliwa au wameokotwa kwenye vita. Ndipo Zimamoto akaeleza, bila kukasirika, kwamba karakana aliyokuwa akishonea mama yake iliungua, na mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa majora ya vitambaa. Mama yake alitoka na mkono ulioungua. Shoga yake, waliyekaa naye cherehani kwa cherehani, hakutoka.

Siku hiyo Mrembo hakumtania tena. Kesho yake akasahau.

Zimamoto hakusahau. Kila alipopata nafasi aliitoa mizigo ile ya mlangoni, akawarudishia wenyewe. Nao wakairudisha pale pale. Alikwenda kwa matroni, matroni akasema atalishughulikia, na pengine alikusudia hivyo.

Jumapili moja asubuhi Mrembo alilikuta sanduku la mama yake chumbani, limeegemezwa kitandani pake. Safari hii alichemka. Alilikokota kwenye korido makusudi, chuma kikikwaruza sakafu ili bweni zima lisikie, akaliegemeza mlangoni kabisa, limebana hata kitasa. Alirudi akamwambia Zimamoto, "Likiguswa tena, mimi na wewe tutajuana."

"Sawa, dada," alisema Zimamoto, akaendelea kupiga pasi.

Mchana ule bweni lilikuwa limepoa, wengi wakiwa nje wakifua. Kitinda alikuwa kitandani, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji, kwa kuwa aliteguka kwenye netiboli. Wasichana wa chumba cha jirani na ngazi ya mbele walikuwa wakichemsha viazi kwenye jiko la umeme, jambo lililokatazwa na lililofanywa na kila mtu. Wakasikia funguo za matroni zikilia. Wakafanya kama wanavyofanya wote: viazi dirishani, jiko chini ya kitanda likiwa jekundu bado, shuka likashushwa lifunike. Kisha wakatoka wamejaa heshima, wakamwamkia matroni, wakamsindikiza hadi kwenye kamba za nguo ili asigeuke. Waya waliuacha kwenye soketi.

Mrembo alikuwa akipaka rangi kucha aliposikia harufu. Alidhani ni pasi. Kisha moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Alirukia kitasa, Zimamoto akamzuia, akaugusa mlango kwa mgongo wa mkono. Haukuwa na joto. Akaufungua ufa, akachungulia, akaufunga. Upande wa mbele kulikuwa kunawaka.

Zimamoto hakupiga kelele, na hilo ndilo Mrembo alilolisimulia sana baadaye. Alivaa raba, akachovya mataulo kwenye ndoo, akawafunga pua na mdomo, akamteremsha Kitinda sakafuni. Akasema wataongozana chini chini, Kitinda katikati, mkono mmoja ukutani, na wa mwisho afunge mlango.

Mrembo akasema twende mbele. Akaambiwa mbele ni moto.

"Basi dirishani."

"Lina nondo, dada. Twende."

Kwenye korido hapakuonekana hata mkono wako mwenyewe. Filimbi ililia mbele yao, ikatulia, ikalia tena, na milango ikaanza kufunguka. Wasichana waliokuwa wamesimama wakikohoa na kulia waliifuata, wakishikana nguo. Zimamoto aligusa fremu moja, akaenda nyingine, bila kusita, kama mtu anayetembea jikoni kwao.

Mrembo alimsukuma mdogo wake kwa bega. Alijua kilichoko mwisho wa korido. Alikiweka mwenyewe. Aliona mkono wa mama yake juu ya mikono yao. Akajaribu kusema. "Zimamoto, sanduku langu..."

"Tambaa," alijibiwa.

Kisha likasikika komeo la mlango likisukumwa, na mwanga wa mchana ukaingia. Mlangoni hapakuwa na kitu. Si sanduku, si ndoo, si godoro. Wasichana walishuka ngazi kama maji.

Gari la zimamoto lilipofika, mkubwa wao aliuliza kama kuna mtu amebaki ndani. Matroni alihesabu vichwa kwa kidole, akachanganyikiwa, akaanza upya. Zimamoto alikuwa amewakusanya wote kwenye nguzo ya goli, akawaita chumba baada ya chumba, na wale wa viazi pia, waliokuwa wamekaa chini wanalia. Akajibu kwamba hakuna aliyebaki. Yule bwana alimtazama, akamwambia asante afande, akaenda kwenye kazi yake.

Vyumba vya upande wa mbele viliungua, chao kikiwa kimojawapo. Mrembo alimkuta Zimamoto akimfunga Kitinda bandeji upya. Akamshikia ncha ya bandeji.

Zimamoto ndiye aliyeanza. "Dada, nisamehe. Nililitoa tena, pamoja na mizigo mingine, wakati ulipokwenda kuoga. Nililiingiza chini ya kitanda changu usilione. Nadhani limeungua."

Mrembo alikaa kwenye nyasi. Alitaka kucheka, kikatoka kilio.

Simu yake ilibaki ndani, na ya Zimamoto ilikuwa mkononi mwa matroni. Aliomba ya mlinzi, na vidole vikabonyeza namba ya mama vyenyewe, kwa wimbo ule wa kufulia. Alieleza yote, na hakujificha nyuma ya mtu. Mama alitaka kwanza kumsikia Kitinda akiongea. Alipomsikia akilalamika kwamba ana njaa, ndipo alipovuta pumzi.

"Mama," Mrembo alisema, "sanduku lako halipo tena."

"Lilikuwa zito mno lile. Huyo mtoto wa mwenzangu yuko wapi? Mpe simu."

Zimamoto aliipokea, akasimama wima mbele ya nguzo ya goli, masizi usoni, raba miguuni. "Shikamoo mama," alisema. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, mkono wa pili ukishika nguzo.